Barua Zenu: Muziki wa filamu za 1994, ubishi haujaisha

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba kwa upande wa muziki wa filamu mi sijaona mwaka ulioshiba kama 1994, na sikutegemea kama mstari mmoja ungeleta barua nyingi hivi. Kuna waliokubali, kuna waliokasirika, kuna walioleta hoja ambazo mi mwenyewe sikuzifikiria. Nimechagua sita, na nimejibu kadiri kila moja ilivyonigusa.

*Shikamoo dada. Mimi na kaka yangu tunakosana kila siku kuhusu hili jambo. Mi nasema saundtraki bora ya 1994 ni The Lion King, yeye anasema ni Forrest Gump kwasababu albamu yake ina nyimbo kali nyingi na iliuza sana. Tuamulie tupumzike.*
*Mdogo mtu, Tanga*

Marahaba mdogo wangu. Kaka yako kwenye mauzo hajakosea, albamu zote mbili ziliuza mamilioni ya kopi pale Marekani peke yake, kwahiyo kwa hesabu ya duka hakuna wa kumcheka mwenzake. Tatizo ni kwamba mnabishania vitu viwili mkidhani ni kimoja. Albamu ya Forrest Gump ni sidii mbili za nyimbo zilizokuwepo miaka mingi kabla ya filamu, Elvis Presley humo, Aretha Franklin humo, Creedence Clearwater Revival, The Doors, yani ni kama mtu kakuchagulia santuri za ujana wa baba yake. Na zimechaguliwa kwa akili, maana filamu inaruka miaka na miaka na wimbo ndo unakuambia sasa tuko wapi, ukisikia Creedence unajua jamaa yuko Vietnam hata kabla hujaona helikopta. Lakini muziki uliotungwa kwa ajili ya filamu yenyewe, kile kinanda kinachopigwa taratibu wakati unyoya unapepea mpaka kwenye kiatu cha Forrest, huo ni wa Alan Silvestri, na kwenye albamu ya kaka yako umewekwa mwisho kabisa, wengi hawafiki huko.

Huo uliotungwa ndo wenyewe wanauita skoo. Na kwenye skoo, mdogo wangu, mi nakupa wewe ushindi.

Rudia dakika za mwanzo za The Lion King. Jua linachomoza na sauti ya mtu mmoja inapasua, hakuna ngoma wala fidla, ni koo tu la binadamu. Kwaya inaitikia. Alafu wanyama wanaanza kutoka kila upande, wimbo unakua nao taratibu, Carmen Twillie anaimba, na mpaka hapo hakuna mhusika aliyefungua mdomo kusema neno hata moja. Kila kitu umeshaambiwa na muziki, kwamba kuna mtoto kazaliwa, kwamba ni mtoto wa mfalme, kwamba hapa kuna heshima, alafu ngoma inapiga mara moja, paa, jina la filamu, kimya. Sijui filamu nyingine iliyoaminia muziki wake kiasi hicho kwenye dakika za mwanzo.

Aliyetunga skoo ni Hans Zimmer, Mjerumani mzaliwa wa Frankfurt. Ameshasimulia mwenyewe kwamba alikubali ile kazi kwasababu alitaka kumpeleka binti yake mdogo kwenye uzinduzi wa filamu, na alipofika kwenye kifo cha Mufasa ikamrudia ya kwake, maana baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Sikiliza pale Simba anapojaribu kumwamsha baba yake, anajiingiza chini ya mkono wake alale. Mtunzi mwingine angejaza fidla za kulia hapo, Zimmer anaacha muziki unanong'ona tu, na ndo maana watu wazima wanatoka machozi kwenye katuni.

Tuzo za Oscar za mwaka huo, zilizotolewa Machi 1995, ya skoo ilienda kwa Zimmer na ya wimbo ikaenda kwa Elton John na Tim Rice, na kwenye nyimbo tano zilizopendekezwa tatu zilitoka kwenye filamu hii hii moja. Katuni za Disney zilikuwa zimeshachukua tuzo ya skoo mara nyingi mno, mpaka mwaka uliofuata waandaaji wakaigawa mara mbili, filamu za drama kivyake na za nyimbo na vichekesho kivyake, na ikakaa hivyo miaka minne. Mwambie kaka yako na hilo.

*Assalaam aleikum dadangu. Huku mtaani watu wasema ule ukelele wa mwanzo wa Lion King ni Kiswahili cha kale. Ni kweli? Alafu jengine, hakuna matata ni maneno yetu, kuna mtu alilipwa?*
*Kijana wa Majengo, Mombasa*

Waaleikum salaam kakangu. Si Kiswahili cha kale wala cha leo, ni Kizulu. Anayeita ni Lebo M, jina lake Lebohang Morake, mtoto wa Soweto aliyeondoka Afrika Kusini ya ubaguzi akiwa kijana na kufika mpaka Marekani. Anachosema ni kama huyu hapa simba anakuja, baba. Hilo neno baba umelisikia sawasawa kabisa, Kizulu na Kiswahili wote Wabantu, ndo maana sikio la mtaani kwenu likadhani liko nyumbani. Yeye na Zimmer walikuwa wameshashirikiana kwenye The Power of One ya 1992, kwahiyo alipoitwa hakuwa mgeni.

Na angalia mwaka wenyewe. Tarehe 27 Aprili 1994 Afrika Kusini wanapiga kura, weusi kwa mara ya kwanza, zile foleni ndefu tulizoziona kwenye magazeti wazee wamebebwa kwenye viti, alafu Juni hiyo hiyo sauti ya mtoto wa Soweto inafungua filamu na dunia nzima inakaa kimya kuisikiliza. Mi siwezi kuvitenganisha hivi vitu viwili, nikiisikia ile sauti naona foleni.

Kuhusu hakuna matata, maneno ni ya kila mtu, hayana mwenyewe. Them Mushrooms wa hapo hapo kwenu waliyaimba 1982 kwenye Jambo Bwana, mpaka Boney M wakaurudia, na hakuna hoteli ya pwani ambayo mtalii anaondoka bila kuusikia. Wimbo wa kwenye filamu ni mwingine, melodi yake ni ya Elton John, hapo sioni wizi. Kilichowauma wengi ni kwamba Disney waliomba kusajili maneno yale Marekani kama alama ya biashara kwenye nguo, wakaomba 1994 wakapata 2003, na ilipofika 2018 jambo likaibuka upya mtandaoni watu wakasaini kwa maelfu kulipinga. Usajili ule haukukatazi wewe kuyasema wala kuyaimba, unahusu bidhaa tu, lakini mi naungana na waliosaini, neno unalomwambia jirani kila asubuhi halipaswi kuwa na hati ya mtu.

Ila ukitaka kisa cha kulipwa na kutolipwa kwenye filamu hii kiko sehemu nyingine kabisa, na wengi hawakijui. Unakumbuka pale Timon na Pumbaa wanatembea msituni wanaimba kipande cha wimbo wa simba amelala? Ule wimbo ulianza kama Mbube, maana yake simba kwa Kizulu, na mwenyewe ni Solomon Linda, aliyeurekodi na kundi lake la Evening Birds studio za Gallo, Johannesburg, mwaka 1939. Haki za ule wimbo aliziachia kwa shilingi 10. Ukavuka bahari, Wamarekani wakasikia vibaya yale maitikio wakaandika Wimoweh, mwaka 1961 The Tokens wakauimba kwa maneno ya Kiingereza ukawa wa dunia, na Linda akafa 1962 maskini, mjane wake hana hata hela ya jiwe la kaburi.

Kilichowaokoa watoto wake ni sheria kuukuu ya Waingereza ya 1911, iliyokuwa inatumika kwenye makoloni yao, inayosema miaka 25 baada ya mtunzi kufa haki zinarudi kwa warithi hata kama aliziuza. Chukua 1962 ongeza 25 unapata 1987, na filamu ni ya 1994, hesabu nakuachia. Mwaka 2004 familia ikafungua kesi dhidi ya Disney huko Afrika Kusini, na Februari 2006 wakafikia makubaliano na kampuni iliyokuwa imeshika haki za wimbo, familia ikaanza kulipwa. Miaka 67 tangu ile siku ya studio.

*Mwanangu mwandishi hujambo. Nyote mwaandika ya Wazungu tu. Sie 1994 tulikuwa na Madhuri wetu, mbona humtaji?*
*Bibi wa Ng'ambo, Unguja*

Shikamoo bibi. Sijambo, na umenibana kweli kweli maana hili nilipaswa kulianza mwenyewe. Hum Aapke Hain Koun ilitoka Agosti 1994 ikiwa na nyimbo 14, Salman Khan na Madhuri Dixit, na nyumba nyingi za pwani hii kila harusi ilikuwa lazima mtu aige ile ngoma ya Madhuri na shemeji. Aliyetunga muziki anaitwa Raamlaxman, na jina hilo lina kisa chake. Walikuwa wawili, Ram na Laxman, Ram akafariki miaka ya 70 kazi ndo kwanza inaanza, mwenzake akaendelea kutumia majina yote mawili mpaka mwisho wa maisha yake. Mwimbaji ni Lata Mangeshkar, umri wake 64 na anamuimbia Madhuri wala sauti haichuji, na Filmfare, wale wa tuzo za filamu huko India, wakampa tuzo maalumu kwa ajili ya ule wimbo wa Didi, ilhali yeye alikuwa ameshasema tangu zamani asishindanishwe tena ili wadogo nao wapate.

Mi napenda zaidi ule wa viatu. Ndugu wa bibi harusi wameiba viatu vya bwana harusi wanavizuia mpaka atoe hela, upande huu unaimba toa pesa na upande ule unajibu leteni viatu, na kwa mtu wa pwani aliyewahi kuona bwana harusi akizuiliwa mlangoni mpaka atoe kifungua mlango ule wimbo hauhitaji tafsiri hata chembe.

Lakini bibi yangu, nikiulizwa nyimbo za filamu za 1994, nyimbo ninavyomaanisha nyimbo sio skoo, jibu langu ni 1942: A Love Story. Mtunzi ni R.D. Burman, wenyewe wakimwita Pancham. Miaka ya 70 alikuwa mfalme, mwishoni mwa 80 watayarishaji wakamkimbia, simu haiiti, wanasema amekwisha. Mwongozaji Vidhu Vinod Chopra akampa filamu hii, akatunga kama mtu anayejua hatapata nafasi nyingine, na tarehe 4 Januari 1994 akafariki akiwa na miaka 54. Filamu ikatoka Julai. Yani nchi nzima inaimba nyimbo zake na yeye ameshaondoka duniani hajasikia hata mtoto mmoja wa mtaani akizipiga mluzi. Filmfare iliyofuata ikampa tuzo ya muziki bora, na ya mwimbaji wa kiume ikaenda kwa Kumar Sanu kwa ule wimbo wa nilipomuona msichana.

Nilikuwa nao kwenye kanda iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine, saundi imefifia, na nilikuwa na kauntabuku ninayoandika maneno ya Kihindi kwa kusikia tu, bonyeza prei, simamisha, andika, rudisha nyuma. Kauntabuku ninayo mpaka leo. Wimbo wenyewe wote ni tashbihi, Javed Akhtar anamfananisha msichana na waridi linalochanua, na ndoto ya mshairi, na paa wa msituni, na usiku wa mbalamwezi, mstari baada ya mstari na hachoki. Pale anaposema shayar mi niliandika "shairi", nikajiona nimekosea. Kumbe sikuwa mbali hata kidogo, shayar wao na mshairi wetu wote wametoka kwenye Kiarabu kile kile. Burman anachofanya chini ya maneno hayo ni kidogo mno, hapandishi sauti kumsaidia mwimbaji, anaacha zile tashbihi zijibebe zenyewe, na sisi watu wa mashairi tunajua kwamba huo ndo ugumu wenyewe. Si ajabu marehemu Juma Bhalo na wenzake wa taarabu ya Mombasa walichota sana kwenye melodi za filamu za Kihindi, walisikia ndugu yao.

*Dada mambo. Mi hizo muvi zote nimeziona banda la video, zimetafsiriwa. Mbona muziki wowote siukumbuki?*
*Wa Dodoma*

Poa mdogo wangu. Huukumbuki kwasababu hukuusikia. Mtafsiri akiingia kuongea, sauti ya filamu inashushwa, na sehemu ambazo steringi haongei, yani zile ambazo mtunzi amepewa nafasi yake, mtafsiri ndo anazijaza maelezo. Kina Lufufu nawaheshimu sana, wametufundisha watu wengi kupenda filamu na mi nikiwemo. Ila chukua moja kati ya hizi, iangalie mara moja bila tafsiri, spika za masikioni, hata kama Kiingereza kinakupita.

*Salaam kutoka Muscat. Kuna ile gitaa ya mwanzo wa Pulp Fiction. Mimi mjukuu wa Unguja na nikiisikia nahisi taarab, wenzangu wananiambia nimechanganyikiwa.*
*Ndugu yenu, Muscat*

Hujachanganyikiwa ndugu yangu. Ile ni Misirlou, melodi ya zamani ya upande wa Wagiriki na Waturuki, jina lenyewe maana yake mwanamke wa Kimisri, na ilikuwa imesharekodiwa tangu miaka ya 1920. Anayepiga ni Dick Dale, aliyeirekodi upya 1962. Alikuwa Mmarekani mzaliwa wa Boston lakini baba yake Mlebanoni, na alikua akimwangalia ami yake akipiga udi, ile ala ya nyuzi ya Waarabu. Shabiki mmoja alimuuliza kama anaweza kupiga wimbo mzima kwenye waya mmoja, akaikumbuka hii ya nyumbani kwao, akaipiga kwa kasi ya kutisha na amplifaya imefunguliwa mpaka mwisho.

Sasa sikiliza ule mkono wa kulia, kuchokonoa waya juu chini bila kupumzika, ndo mtindo wa udi. Na ngazi ya sauti zake iko kwenye ukoo wa Hijazi, ngazi moja ya muziki wa Kiarabu, ambayo wapigaji wa taarabu wa Unguja waliipata kutoka Misri kama Dick Dale alivyoipata kwa wazee wake. Wote mmekunywa kisima kimoja. Pulp Fiction haina mtunzi wa skoo kabisa, Quentin Tarantino alichagua santuri tu, na hii akaiweka kwenye majina ya mwanzo, watu wawili wameshasimama mgahawani na bastola, picha inaganda, gitaa linaingia. Kwa uchaguzi wa nyimbo za zamani mi namuweka juu ya Forrest Gump, na kaka mtu wa Tanga naomba asinikasirikie.

*Sasa dada. Mi ni wa Shawshank damu. Nataka tu kujua wale wamama wanaimba nini pale gerezani? Na mbona hukumtaja Thomas Newman?*
*Nairobi, Eastlands*

Poa sana kakangu. Newman namtaja sasa. Mwaka ule alipendekezwa Oscar mara mbili kwa pamoja, Shawshank Redemption na Little Women, na akatoka mikono mitupu. Kwangu yeye ni wa pili baada ya Zimmer na pengo ni dogo mno. Sikiliza kinanda cha yule mzee Brooks anapotoka gerezani baada ya miaka 50, noti chache, moja, kimya, nyingine, kama mtu anayesita kuvuka barabara, na baadae mfungwa mwenzake Red anapolala kwenye chumba kile kile muziki ule unamrudia na wewe unaanza kuogopa kabla hajafanya chochote.

Wale wanawake ni Gundula Janowitz na Edith Mathis, na wanachoimba ni Mozart, kutoka kwenye opera ya Ndoa ya Figaro, kwa Kitaliano. Andy, yule mfungwa mwenye kisa chake, anajifungia ofisi ya mkuu wa gereza, anaweka santuri, anaelekeza maikrofoni, na uwanja mzima wa wafungwa unasimama vichwa juu. Red anasema hajui wanaimba nini na hataki kujua, anapenda kuamini ni kitu kizuri kisichosemeka. Mi namwelewa Red, ila wewe umeuliza.

Wanaandika barua. Bibi mwenye nyumba anatamka na mtumishi wake anaandika, kila mstari mmoja anaimba na mwingine anaurudia huku kalamu inakwenda, ni barua fupi ya kumtega mume wake bustanini jioni. Na kumbuka ile santuri ilifikaje gerezani. Andy alikuwa ameandikia serikali barua moja kila wiki kwa miaka sita akiomba vitabu vya maktaba, kila mtu anamwambia hawatajibu, wakachoka wao wakamtumia maboksi ya vitabu vilivyotumika, santuri ile ikiwa humo, na cheki ya dola 200, wakamwomba aache sasa. Na yeye akasema kuanzia leo ataandika mbili kwa wiki.